Jinsi ya kujua kisima chako kinapata maji wapi kwa kupima isotopu

Kazi yangu ni maji ya chini ya ardhi, upande wa kusini wa Kilimanjaro, kuanzia vijiji vya migomba huko juu hadi nyanda za Kahe. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni fupi: haya maji yanatoka wapi? Kamati ya maji huuliza kwa sababu mtu amechimba kisima kingine karibu na chao. Mwenye shamba huuliza kwa sababu bwawa la jirani hushuka kila anapowasha pampu. Wazee huuliza kwa sababu chemchemi waliyoikuta tangu utotoni imepungua, na kila mmoja ana mtu wa kumlaumu.

Jibu lipo ndani ya maji yenyewe. Ninaandika hapa namna ya kulitafuta, kwa ajili ya vijana wa idara za maji, walimu wa sayansi na wanakamati wanaotaka kuelewa kinachofanywa kwenye kisima chao. Nitaanza na sababu kabla ya hatua, maana anayejua hatua bila sababu huharibu sampuli bila hata kugundua.

Molekuli tatu za maji

Maji yote ni haidrojeni mbili na oksijeni moja, ila atomu hizo hazina uzito mmoja. Atomu za elementi moja zenye uzito tofauti ndizo zinazoitwa isotopu. Oksijeni nyingi ina uzito wa 16, lakini karibu 2 katika kila 1,000 zina uzito wa 18, nazo huitwa oksijeni-18. Haidrojeni nyingi ina uzito wa 1, lakini katika maji ya bahari karibu 156 katika kila milioni zina uzito wa 2. Hiyo nzito ndiyo deuteri, aliyoigundua Harold Urey wa Marekani mwaka 1931 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1934. Kwa kazi yetu, basi, kuna molekuli tatu za kuzingatia: ya kawaida yenye uzito wa 18, yenye deuteri moja ambayo ni 19, na yenye oksijeni nzito ambayo ni 20.

Ukiyanywa huoni tofauti. Tofauti huonekana maji yanapobadili hali, na huja kwa njia mbili. Naomba msomaji azitenganishe njia hizi kichwani, kwa sababu kila kitu kitakachofuata kimejengwa juu yake.

Njia ya kwanza ni kushikana. Atomu ndani ya molekuli hazitulii kamwe, hutetemeka hata kwenye baridi kali kuliko zote. Atomu nzito hutetemeka kwa nishati ndogo zaidi, kwa hiyo hukaa chini zaidi ndani ya kifungo chake na kuhitaji nguvu zaidi kung'oka. Ndani ya maji, molekuli nzito hushikana na wenzake kwa nguvu zaidi na haina haraka ya kuruka kuwa mvuke. Ukifunga maji na mvuke wake chomboni kwenye nyuzi 25 za Selsiasi hadi vitulie, maji yatakuwa na oksijeni-18 zaidi ya mvuke kwa takriban 9 katika 1,000, na deuteri zaidi kwa takriban 79 katika 1,000. Tazama uwiano huo: deuteri huathirika zaidi ya mara nane, ingawa molekuli yake ni nyepesi kuliko ile ya oksijeni nzito. Ni kwa sababu deuteri imeongeza uzito wa haidrojeni mara mbili, ilhali oksijeni kutoka 16 kwenda 18 imeongezeka kidogo tu, na mtetemo hufuata uzito wa atomu inayotetemeka. (Ndiyo sababu pia katika mimenyuko ya kikemia, kuvunja kifungo cha kaboni na deuteri kwenye joto la kawaida kunaweza kuchukua muda mara sita au saba ya kuvunja kile cha kaboni na haidrojeni nyepesi. Hakuna elementi nyingine ambayo isotopu zake hupishana hivyo.)

Njia ya pili ni mwendo. Molekuli ikishatoka majini lazima ipenye hewani, na hapo kinachohesabika ni uzito wa molekuli nzima. Ya 19 hupenya polepole kuliko ya 18 kwa karibu asilimia 2.5, na ya 20 kwa karibu asilimia 2.8. Zinakaribiana sana, ile nane kwa moja haipo tena.

Kwa hiyo mvuke unaogeuka matone ndani ya wingu lililojaa unyevu huathirika kwa njia ya kwanza, na deuteri na oksijeni-18 hubadilika kwa uwiano wa karibu nane kwa moja. Maji yanayokauka bwawani penye hewa kavu huathirika kwa njia zote mbili, na uwiano hushuka hadi kati ya nne na sita. Mvua ina alama yake na bwawa lina alama yake. Alama hiyo haifutiki maji yanapozama ardhini, maadamu hayajachanganyika na mengine au kupashwa joto kali na miamba.

Namba zinavyoandikwa

Maabara haitakuletea idadi ya atomu. Itakuletea delta, yaani tofauti kati ya maji yako na maji ya kipimo cha kimataifa kiitwacho VSMOW, ambacho ni wastani wa maji ya bahari, ikihesabiwa kwa elfu. δ18O ya −5 maana yake maji yako yana oksijeni-18 pungufu kuliko bahari kwa 5 katika 1,000. Hasi si ubaya. Mvua karibu zote ni hasi. δD ni hesabu hiyohiyo kwa deuteri.

Mwaka 1961 Harmon Craig alikusanya vipimo vya mito, maziwa, mvua na theluji kutoka sehemu nyingi za dunia na kuonyesha kwamba maji ambayo hayajakaukakauka hulala kwenye mstari mmoja: δD ni sawa na mara 8 ya δ18O, ukiongeza 10. Mwaka 1964 Willi Dansgaard wa Denmark akatupa hesabu nyepesi zaidi, ambayo mimi huifanya hata kabla ya kukaa chini: chukua δD, toa mara 8 ya δ18O. Jibu huitwa ziada ya deuteri, nasi huiandika d. Mvua nyingi huwa na d karibu na 10, na katika sehemu zetu mara nyingi huzidi kidogo. Maji yaliyopoteza sehemu yake kwa mvukizo, d yake hushuka, ikifika sifuri au hata hasi.

Ukikumbuka kitu kimoja katika makala hii, kumbuka d. Nimeona ripoti nyingi zinazotumia δ18O peke yake, na mara nyingi haitoshi. δ18O ya juu inaweza kuwa mvua ya manyunyu ya kiangazi au maji ya bwawa, na namba moja haiwezi kukuambia ni ipi.

Kuchukua sampuli

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Jambo unalolipima, yaani maji mepesi kutangulia kuondoka, litaendelea ndani ya chupa yako ukiliruhusu. Chupa iliyofungwa vibaya ikikaa wiki mbili kwenye dirisha la gari inakuwa bwawa dogo, na maabara itakupa matokeo sahihi kabisa ya bwawa hilo.

Tumia chupa ndogo za plastiki ngumu nyeupe, za mililita 30 au 50, zenye kifuniko cha kuzungusha na kizibo cha ndani. Chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika hazifai, plastiki yake ni nyembamba na kifuniko chake hakikazi. Suuza chupa kwa maji yaleyale unayoyachukua, mara tatu. Jaza hadi yafurike, funga, igeuze juu chini, ukiona kiputo kikubwa cha hewa jaza tena. Zungushia utepe wa plastiki shingoni. Usitie asidi wala dawa yoyote, na usichemshe. Friji si lazima ikiwa chupa imefungwa vizuri, ila kivuli ni lazima.

Andika kwenye chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana maabara. Tumia kalamu isiyofutika, na daftarini andika pia jina la mahali, vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, saa, joto la maji na upitishaji wake wa umeme. Huo wa mwisho hupimwa kwa kifaa cha mkononi, na nitaeleza baadaye kwa nini nakithamini.

Kwenye kisima, usichukue maji ya kwanza. Maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima si ya mwamba. Pampu hadi utoe kiasi cha mara tatu ya maji yaliyomo kisimani, au hadi joto na upitishaji umeme viache kubadilika. Mahali ambapo watu huchota kuanzia alfajiri, kina mama wamekwisha kukufanyia kazi hiyo. Fika saa tatu asubuhi na ukinge moja kwa moja bombani. Usikinge kwenye tangi la juu. Tangi ni maji ya siku kadhaa yaliyopigwa jua.

Kwenye chemchemi, chukua pale yanapotoka kwenye jiwe. Hatua chache chini yake kuna majani, ng'ombe na dimbwi.

Ziwani au bwawani, usichukue ukingoni. Maji ya ukingoni ni mafupi, hupata joto na kukauka kuliko ya katikati. Omba mtumbwi, zamisha chupa nusu mita na uifungue ikiwa chini.

Mvua ndiyo ngumu, na ndiyo watu huiruka. Kisima bila mvua hakina cha kulinganishwa nacho. Unahitaji mvua ya eneo lenyewe, ya masika na ya vuli, na ikiwezekana kwenye miinuko miwili au mitatu. Kipimamvua cha kawaida cha wazi hakifai, kwa sababu maji hukaa humo na kukauka. Njia ya zamani ni kutanguliza mafuta mazito ya parafini, yale ya famasi na si mafuta ya taa, ndani ya chombo, ili yaelee juu ya maji na kuyafunika kwa unene wa nusu sentimita. Yanafanya kazi, lakini tone la mafuta hayo likiingia kwenye mashine za leza zinazopima isotopu maabara linaleta balaa, kwa hiyo sipendi kuyatumia siku hizi. Njia bora ni faneli iliyounganishwa na mpira mwembamba unaoshuka hadi karibu na sakafu ya chupa, ili mdomo wa mpira uzame mara maji yanapoanza kuingia. Hewa ya kutokea ipitishwe kwenye mpira mwingine mwembamba na mrefu sana uliozungushwa nje ya chupa, ambamo mvuke hauna njia nyepesi ya kutoroka. Maji yakae humo mwezi mzima, mwisho wa mwezi tikisa, jaza chupa ndogo, mwaga mengine, anza upya. Andika pia ni milimita ngapi zilinyesha.

Walimu wa shule za kata hufanya kazi hii kwa uaminifu wa ajabu. Nikitaka mahali pa kuweka chombo, shule ndiyo chaguo langu la kwanza: kuna uzio, kuna mtu kila siku, na wanafunzi wakielezwa wanakilinda.

Kama huna mvua yako, kuna mtandao wa vituo vya kupima isotopu za mvua ambao Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki la Vienna na Shirika la Hali ya Hewa Duniani wanauendesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Entebbe na Dar es Salaam zimo. Namba za Dar es Salaam zitakupa mwanga, lakini Dar iko baharini na wewe uko mlimani. Zitumie kama ukumbusho wa mstari, si badala ya mvua yako.

Kusoma matokeo

Chora mhimili wa δ18O kwa mlalo na wa δD kwa wima. Weka mvua zako zote kwanza, upige mstari wake. Kisha weka visima, chemchemi, ziwa na bwawa. Pengine utamaliza nusu ya kazi kwa macho.

Chukua namba hizi za mfano. Mvua ya mahali hapo, kwa wastani wa mwaka ambao kila mwezi umehesabiwa kulingana na milimita zake, ina δ18O −4.5 na δD −26, kwa hiyo d ni 10. Bwawa lina δ18O +3.5 na δD +18, d ni −10. Kisima kina −2.5 na −15, d ni 5. Kisima kiko kwenye mstari unaounganisha mvua na bwawa, robo ya njia kuelekea bwawa: kutoka −4.5 hadi −2.5 ni 2, na kutoka mvua hadi bwawa ni 8, kwa hiyo 2 kwa 8, asilimia 25. Fanya hesabu ileile kwa δD: 11 kwa 44, robo tena. Zikikubaliana una haki ya kusema kwamba robo ya maji ya kisima hicho yanatoka bwawani. Zisipokubaliana kuna chanzo cha tatu ambacho hujakipima, na usiandike asilimia yoyote hadi ukipate.

Kosa la mashine ni karibu 0.1 kwa δ18O na karibu 1 kwa δD. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba visima viwili vinatofautiana kwa sababu kimoja ni −4.5 na kingine −4.6. Hivyo ni sawa.

Sasa kisima kingine: −5.7 na −35. d ni 10.6, hakijaguswa na mvukizo, lakini kiko chini ya mvua ya hapo kwa 1.2. Maji haya yamenyesha mahali pengine au wakati mwingine. Wingu likipanda mlima hupoa na kumwaga, na kila linapomwaga hutanguliza molekuli nzito, kwa hiyo mvuke unaobaki unazidi kuwa mwepesi. Tuseme mvuke una δ18O −11 na tushike nyuzi 25 kwa wepesi wa hesabu: tone la kwanza litakuwa karibu −1.7. Nusu ya mvuke ikishamwagika, uliobaki ni −17.4 na mvua yake ni karibu −8.2. Wingu ni lilelile, na kijiji cha chini na msitu wa juu vimepata mvua tofauti.

Mlimani upungufu wa δ18O kwa kila mita 100 huwa kati ya 0.1 na 0.5, na ni lazima uupime mlimani kwako. Ikiwa umepata 0.12, basi 1.2 ni mita 1,000, na maji ya kisima hicho, kilicho kwenye mwinuko wa mita 900, yalinyesha kwa wastani kwenye mita 1,900. Kwa upande wetu wa kusini hilo linaingia akilini, maana mvua nyingi zaidi ya mlima hunyesha kwenye ukanda wa msitu, karibu mita 2,200. Watu wa bondeni wanaochimba mita 80 wanakunywa msitu, na huwa nawaambia hivyo waziwazi.

Lakini subiri. Kwenye nchi za joto mvua kubwa nayo huwa na δ18O ya chini kuliko manyunyu, bila mlima wowote. Aprili ya masika na Septemba ya rasharasha hazifanani. Kisima kinachopata maji siku za mvua kubwa tu kitaonekana kana kwamba maji yake yametoka juu. Ndiyo sababu nasisitiza mvua ya kila mwezi pamoja na milimita zake: kama wastani wa masika peke yake umefika −5.7 palepale kijijini, hadithi ya msitu inaanguka.

Na sasa kile kifaa cha upitishaji umeme. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, kwa hiyo kifaa hicho hukuonyesha chumvi. Mizizi ikinyonya maji haichagui nzito wala nyepesi, kwa kawaida inachukua yote sawa na kuacha chumvi. Jua kwenye bwawa linaacha chumvi na linachagua pia. Kwa hiyo kisima chenye chumvi nyingi na d karibu na 10 kimepata chumvi kutoka kwenye miamba au kwenye mashamba yaliyomea juu yake. Chenye chumvi nyingi na d iliyoshuka kimepata maji yaliyosimama juani. Cha pili kinaweza kusaidiwa kwa kubadili namna ya kumwagilia, cha kwanza si rahisi hivyo. Maji yanayopita haraka kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, hayabadiliki kwa kiasi cha maana, yale yanayolala kwenye majaruba ya mpunga hubadilika.

Ziwa Chala

Mfano ninaoupenda uko hapahapa. Ziwa Chala liko ndani ya shimo la volkano mpakani mwa Tanzania na Kenya, mashariki ya Kilimanjaro, halina mto unaotoka. Kwenye ardhi ya jirani iliyo chini zaidi kuna chemchemi, na ni rahisi kuamini kwamba chemchemi hizo ni ziwa linalovuja. Kama ni kweli, kuvuta maji ya ziwa kwa umwagiliaji ni kukausha chemchemi. Mwaka 1970 mtafiti B. R. Payne alichapisha uchunguzi wake kwa isotopu. Ziwa lina alama nzito ya mvukizo, na chemchemi za jirani hazikuwa nayo kwa kiasi cha maana. Maji ya chemchemi hizo yalikuwa ya mvua iliyozama mlimani.

Maziwa makubwa yana alama hiyohiyo. Victoria hupoteza karibu sehemu nne kwa tano ya maji yake kwa mvukizo, na δ18O yake iko juu ya sifuri kabisa, Tanganyika vilevile. Ukiwa Mwanza, Kisumu au Kigoma, swali la kama kisima cha ufukweni kinakunywa ziwa lina jibu la haraka kuliko la kwangu mlimani, kwa sababu mvua na ziwa viko mbali sana kwenye mchoro.

Kuipeleka kwa kamati

Usiwapelekee δ. Wapelekee mchoro mmoja wenye nukta za rangi, mvua buluu, bwawa nyekundu, kisima chao nyeusi, na uwaonyeshe nukta nyeusi imeegemea wapi. Mzee asiyejua kusoma anauelewa kwa dakika mbili. Sema asilimia kwa kuzungusha: "kama robo", si "asilimia 24.7". Eleza kipimo ni cha msimu gani, na kwamba sampuli ya pili mwishoni mwa kiangazi ni lazima kabla hawajamshitaki jirani. Isotopu hizi zinakuambia maji yametoka wapi. Hazikuambii ni mengi kiasi gani, wala yamekaa ardhini miaka mingapi. Wingi unapimwa kwa kupampu, na umri unapimwa kwa tritiamu au kaboni-14, isotopu nyingine zenye mionzi, ambazo zina chupa zake na taratibu zake.

Ukishamaliza, hifadhi chupa ya akiba ya kila sampuli kabatini, imefungwa na kupimwa uzito kwa gramu hadi nukta mbili, uzito ukiandikwa ubavuni. Siku mtu akipinga matokeo, ipime tena uzito kabla ya kuituma maabara. Ikiwa imepungua, imevuja, na usiitumie.